Hamira, Shali na Ulimi Wangu

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Alhamdulillahi! Nimefika mchujo wa mwisho. Nafasi ni moja tu — mwaka mzima kwenye maabara ya hamira, Nairobi. Alhamisi Daktari Mwende, mkuu wa maabara hiyo, anakuja chuoni kutusikiliza. Lazima tueleze kwa Kiswahili, maana atakayechaguliwa atakuwa akiwafundisha pia wanafunzi wanaotembelea maabara. Nimemwambia Hooyo. Mama yangu huyo hakusema ndiyo wala hapana. Kwanza wanichague, amesema.

Mada yangu naipenda mpaka naona haya. Hamira, hii hii ya kuumulia unga wa anjera, chapati zetu laini! Seli yake hupokea habari mbili: mchumba yuko karibu, au chumvi imezidi. Zote mbili hupitia protini moja, tarishi yule yule. Mbona basi seli haijipambi kwa harusi ikitiwa chumvi? Ni kazi ya protini kiunzi. Humshika tarishi pamoja na wenzake wa njia moja, akaongea na hao tu. Rafiki yangu Amran, msichana mwenzangu darasani, anasema hata hamira itapata mchumba kabla yetu. Mjinga huyu!

Jumatano, 10 Septemba

Siku ya soko la mifugo. Nimempelekea Aabo, baba yangu, chai. Alikuwa kazini — dalali katikati ya muuzaji na mnunuzi, mikono chini ya shali, vidole vikitaja bei. Watu wamekodoa macho, hawaambulii kitu. Jua kali. Mazoezi ya kesho sikufanya.

Alhamisi, 11 Septemba

Aibu! Halafu furaha. Nianze na aibu.

Kwenye karatasi niliandika: protini kiunzi inamvuta tarishi. Ulimi wangu wa Garissa, unaogeuza v kuwa f, ukatoa: inamfuta. Daktari akakunja uso, akauliza, "Kama inamfuta, ujumbe unapelekwa na nani?" Nikasisitiza kwa nguvu zote — haimfuti, inamfuta! Ukumbi mzima kicheko, Amran wa kwanza. Hapo ndipo nikajisikia mwenyewe. Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha hasira ikanipanda. Nikatwaa shali ya Amran begani kwake. Nikaomba mkono wake, na wa Daktari pia, nikaifunika yote miwili na kuvibana vidole vyao pamoja, kama Aabo sokoni.

"Mimi ndiye kiunzi," nikasema. "Amran ni tarishi, Daktari anapokea. Mnaongea nyinyi wawili. Walio nje wanaona nguo tu."

Daktari akauliza njia ya chumvi iko wapi. Nikamwambia: shali nyingine, dalali mwingine, tarishi wa sura ile ile. Akacheka. Mkono hakuutoa upesi. Jamani, nimefurahi!

Jumamosi, 13 Septemba

NIMECHAGULIWA! Daktari kapiga simu asubuhi hii. Nimeruka mpaka mbuzi wakatawanyika. Kisha akaomba kuongea na Hooyo. Wanaongea hata sasa. Naandika huku nikiwasikiliza.

Hooyo ameuliza nitalala na nani. Ameuliza baridi ya Nairobi ikoje. Sasa anauliza, "Hapo kwa kazi iko mahali ya kuswali?" Hooyo haulizi hivyo kuhusu mahali asikotaka niende. Lakini ndiyo bado hajaitamka! Ameinuka, simu ingali sikioni. Anafungua kabati. Ametoa sweta lake mwenyewe, anakuja kunipima mabegani —