Betri Moja ya Lori na Redio ya Selpha

Mama Mshauri, salamu kutoka Ruiru. Nimekwama kabisa, ndiyo maana nakuandikia.

Mimi ni dereva wa lori la wachimba visima, na kwa kuwa tunahamahama, leo tuko Gatongora na mwezi ujao karibu na Thika, nimepewa kijumba cha mbao chenye magurudumu kinachovutwa na lori, na humo ninaishi na mke wangu Selpha niliyemleta kutoka Maragoli baada ya mavuno, na kwa sababu hana jirani wala mtu wa lugha yake nilimnunulia redio inayotumia betri ya gari asije akakonda kwa upweke, basi kila jioni nikirudi natoa betri kwenye lori, naunga redio na taa kubwa niliyoipata kwenye lori bovu, tunasikiliza habari na mpira mpaka Selpha anasinzia, nami naendelea kidogo, lakini asubuhi nikirudisha betri lori linakohoa tu halafu kimya, vibarua wanalisukuma huku wananicheka, na nyapara amesema likisukumwa tena nifunge virago. Nimejaribu kuweka betri kando ya jiko ipate joto, kama tunavyoanika betri za tochi juani, lakini naona imezidi kulegea. Odhiambo, fundi wa mashine, anasema nitafute betri ya pili. Rafiki yangu Gachanja wa Gitothua anasema niuze redio. Nami nataka sana kujua, umeme huo unaenda wapi, maana betri haivuji? Na Selpha akikosa redio si atarudi kwao?

Jeconia, Ruiru

Jeconia mwanangu, pole, lakini kwanza inuka uiondoe hiyo betri kando ya jiko. Ya tochi ni kavu, ianike upendavyo. Ya lori ina asidi na hutoa hewa inayoshika moto. Unataka kumlipulia mkeo nyumba? Haya nayajua, mume wangu anachaji betri hapa Thika na suruali zake zote zina matundu ya asidi.

Umeme hauvuji, unaliwa. Ile taa kubwa ni mlafi, na redio nayo inakula. Lori hurudisha umeme likitembea, lakini lako linasimama kisimani kutwa. Litaamkaje na njaa?

Odhiambo amesema kweli. Betri ya lori ibaki kwenye lori. Tafuta ya pili, hata iliyotumika, ila kasha lisiwe na ufa, na ichajiwe uone kama inashika kabla hujailipia. Iongezee maji ya betri, si ya mto. Iweke dirishani, mbali na moto. Tumia taa ndogo, na ikianza kufifia zima kila kitu uipeleke ikachajiwe, usiikamue mpaka iishe.

Sasa lile ulilolipita. Unasema redio ni ya Selpha, kwa ajili ya upweke. Anakuwa mpweke saa ngapi? Mchana, ukiwa kisimani. Na mchana betri iko wapi? Unayo wewe, kwenye lori. Ikirudi jioni na wewe umerudi, mnasikiliza mpira wako, anasinzia. Tangu uinunue, Selpha hajaisikia hata siku moja akiwa peke yake.

Tafuta hiyo betri ya pili, mwanangu, umfundishe kuiunga mwenyewe. Na jioni ukirudi, izime redio, umuulize leo imesema nini.