Lazima ya Nani?

Mabela, Ijumaa baada ya Magharibi

Mama yangu uliyelala makaburini Al Amerat,

Leo nimelisema. Lile ambalo hukuniomba nilifiche wala nilitangaze, nimelisema nyumbani kwa mdogo wako Zuwena, nimwitaye Mama Zuwena, sahani za biriani hazijaondolewa.

Unanijua, sipendi kuanzia katikati. Kwanza nikukumbushe siku yetu.

Mimba yangu ya tatu ilinikuta moyo umeshachoka. Nilikuwa silali ila nimekaa, mito mgongoni, na wewe pembeni unanihadithia habari za majirani ili nisisikilize pumzi zangu. Madaktari walikutana, wakaandika kwamba mimba ikiendelea nitakufa. Mume wangu Nassor akatia saini. Nami nikatia. Ikabaki ultrasaundi ya mwisho, na Nassor hakuweza kuingia. Ukaingia wewe.

Daktari akanigeuzia skrini usoni. "Lazima aangalie kwanza," alisema kwa Kiarabu, "asije akajuta baadaye." Nikafumba macho. Nakumbuka ile jeli ya baridi tumboni, na bangili zako zikilia uliposimama.

"Lazima ya nani?" ulimuuliza. "Ipo kwenye karatasi?"

Akasema haimo kwenye karatasi, ni desturi yake mwenyewe.

Ukaishika skrini kwa mkono wako, ukaigeuza ikatazama ukuta. Kisha ukaniinamia. "Mwanangu, wataka kuona au hutaki? Utakalo wewe ndilo."

Mpaka saa ile walikuwa wamenipima, wamenionea huruma, wamenisomea dua. Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nikasema nataka. Ukaigeuza tena, ukaketi, tukaangalia pamoja kile kimoyo kinavyopepesa. Hukuniambia nisilie. Nilipotosheka nikasema basi, na yaliyoandikwa na madaktari yakafanyika.

Kisha ukanirudisha kwako kunikalisha arubaini ya uzazi. Mama Zuwena alitaka watu waambiwe mimba imeharibika, yaishe. Ukasema, "Mimi siwaambii kitu. Nna mzazi ndani, namkanda." Na ulinikanda kweli, kwa maji ya moto na majani, ukanifukiza udi, ukanifunga mkaja tumboni, ukanilisha supu ya kuku yenye pilipili manga mpaka machozi yakanitoka kwa sababu nyingine. Mama Zuwena akasimama mlangoni.

"Arubaini bila mtoto, imeonekana wapi?"

"Hapa," ulimjibu bila kugeuka. "Nipe hiyo kanga."

Akakupa.

Na yule jirani aliyekuja na furushi la nguo za kitoto, akaangaza kila pembe ya chumba? "Mtoto yuko wapi?" Ukamvutia kiti karibu na kitanda changu. "Mzazi huyu hapa. Mtazame yeye."

Sasa sikia ya leo. Rahma, mke wa Said wa Mama Zuwena, ana mimba changa na figo zimemlemea. Madaktari wamemwambia lile waliloniambia mimi. Said ameshatia saini, anamtaka mkewe. Mama Zuwena hawezi kuizuia karatasi, kwa hiyo ameishikilia ultrasaundi ya Jumapili. Ametumiwa video kwenye simu, ya nchi ambayo sheria inamtaka mwanamke aonyeshwe picha na asikilizishwe mapigo ya moyo kabla ya kutoa mimba, na watu wanabishana. Akatuonyesha sote pale kwenye mkeka.

"Hata Wazungu wameliona hilo," alisema. "Jumapili naingia naye mimi. Nitamwambia daktari amgeuzie. Mama gani ataona moyo wa mwanawe unapiga, kisha atoe?"

"Mimi," nikasema.

Mkono wake ukasimama juu ya sahani. "Wewe nini?"

"Mimi niliona, Mama Zuwena. Niliona vizuri, na nikatoa. Ningekufa. Wanangu wawili angewalea nani?"

"Nisingewalea mimi?"

"Ungewalea. Wangenenepa sana. Lakini mama yao ni mimi."

Akafuta vidole, kimoja kimoja. "Usimtie maneno mke wa mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. "Nna mtoto mmoja tu, miye. Nataka mjukuu kabla sijafa."

Nilimhurumia, Mama, na bado namhurumia. Lakini huruma yangu haimpi ruhusa ya kuingia chumba kile.

Wanavyobishana kwenye zile simu, utadhani mwanamke hajui kilichomo tumboni mwake mpaka aonyeshwe na mashine. Mimi nilijua. Picha haikunifundisha kitu. Ilinipa nafasi ya kuaga, kwa sababu niliitaka. Picha ileile, skrini ileile, ningelazimishwa ingekuwa adhabu. Na nikikumbuka nalia mpaka leo. Mwenye kuyahesabu machozi yangu kuwa ni majuto, amehesabu yake.

Rahma alinifuata jikoni, akajifanya anaosha vikombe vya kahawa.

"Dada, wewe ulikuwa jasiri, uliangalia. Mimi sitaki kuona. Nna haki hiyo?"

Nakiri lile neno jasiri lilinipendeza, hata nikataka kumwambia ajaribu, kwamba itamsaidia kama ilivyonisaidia mimi. Nikazisikia bangili zako.

"Unayo," nikamwambia.

"Na daktari akinigeuzia?"

"Nitaigeuza ukutani."

"Kwani waweza?"

"Nimeshaona inavyogeuzwa."

Tulipotoka jikoni alimwambia mkwewe, mbele ya watu wote, kwamba Jumapili ataingia na mimi. Mama Zuwena akajibu kwamba kwake, basi, hapana arubaini ya mikono mitupu.

Sawa. Chumba changu cha nyuma nimeshamtandikia Rahma. Mkaja wako nimeufua, nimeufukiza udi, umekunjwa juu ya mto. Kuku nitamnunua kesho. Nitakanda vibaya mwanzo, mikono yangu si yako, lakini nitakanda. Na wageni wakija wakaangaza pembe za chumba, nitawavutia kiti.

Mzazi huyu hapa. Mtazameni yeye.

Pumzika, Mama. Jumapili nitasimama upande uleule uliosimama wewe.

Mwanao uliyemkanda