Kilele Hana Doa

Jumatatu, 5 Mei

Mvua tena. Rangi haikauki. Kava la tairi la akiba nililolipaka picha ya faru Ijumaa bado linanata, faru ameacha pembe yake kwenye kidole changu. Magari ya watalii ndiyo yanayonilisha. Kilele, shujaa wangu wa katuni, ananipa jina tu.

Leo nimemaliza kurasa zake za mwezi huu. Anazuia maporomoko yasifunike kijiji, anatabasamu, anaruka zake. Kama kawaida. Ana nguvu kuliko wote, hasemi uongo, hakasiriki, hashindwi. Mwaka wa tatu sasa namchorea gazeti la vijana la Arusha.

Mchana Bi. Rehema, mhariri, akapiga simu. Wasomaji wameanza kupiga miayo, anasema. Shujaa asiye na doa anachosha. Toleo lijalo Kilele aanguke: alewe, aibe, ampige asiye na hatia, nichague mwenyewe. La sivyo hadithi inakoma. Kurasa mpya zimfikie kabla ya Jumatano ya wiki ijayo.

Nimeumia. Sikubisha.

Jumanne, 6 Mei

Sikubisha kwa sababu hata mimi nimemchoka. Nisijidanganye.

Na najua alikotoka. Nilimchora kwa kumtazama kaka Paskali. Dereva wa watalii, kila siku hushuka kreta kuwaonyesha wanyama. Hanywi. Hatukani hata akichomekewa barabarani. Mbaazi za mama kule kijijini Buger zikikomaa, yeye kashafika na magunia kabla hajaitwa. Watu wanamsifu. Wakae naye nyumba moja waone. Kila ukikosea, yeye hajakosea.

Kwenye kava la gari lake nimempaka Kilele, kwa hiyo madereva wote wanajua nani ni nani. Godi, dereva mwenzake, humwita Mtakatifu wa Landkruza, tena mbele ya wageni. Debe tupu yule. Lakini siku ya kwanza nami nilicheka.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeanza kumlewesha Kilele. Fremu ya kwanza, chupa. Ya pili, anapepesuka hewani, joho limemfunika uso. Mkono ulikwenda vizuri mno. Nilifurahia. Kisha nikaona aibu.

Jioni Paskali akaikuta karatasi mezani. Akaitazama sana. Anajua kuwa ikitoka, Karatu nzima itasema ni yeye. Akauliza kama kuna chai.

Heri angefoka. Mtu asiyefoka unagombana naye vipi?

Ijumaa, 9 Mei

Giza limeingia, Paskali hajarudi.

Sheria ya kreta kila mtu hapa anaijua: ikifika saa kumi na mbili, magari yote yawe yametoka chini. Ukichelewa una kesi, na unaweza kuzuiwa kushuka tena. Paskali hajawahi kuchelewa. Simu yake haipatikani. Ofisini kwao wanasema magari mengine yamepita getini, ila lake na la Godi. Mvua haijakatika tangu mchana, na barabara ile ya kupandia inateleza hata kwa anayetembea.

Nimeifunika michoro kwa kanga. Siwezi kuona mtu akipepesuka.

Naogopa. Sina neno jingine.

Jumamosi, 10 Mei

Amerudi. Mungu ashukuriwe. Mzima, wageni wazima, gari tope mpaka kwenye paa.

Habari yote nimeipata asubuhi hii, tena kwa Godi. Amekuja mwenyewe, kofia mkononi, hana kicheko. Jana jioni redio za magari zilitangaza kuwa faru katoka msituni, upande wa mbali. Kosa la madereva wote ni hilo: faru akitajwa, saa inasahaulika. Wengine walipiga hesabu ya geti wakaacha. Godi akaenda. Akirudi, akazama kwenye tope mpaka ekseli. Akaomba msaada kwenye redio. Wakamjibu, tunakuja, tunakuja, kila mmoja akapanda zake kuwahi geti. Siwalaumu sana.

Paskali alikuwa ameshaanza kupanda. Akawauliza wageni wake, wakakubali. Akageuza. Kamba ikakatika mara ya kwanza, wakafunga tena.

Hayo ni ya Godi. Mimi nina yangu. Jana usiku Paskali alipofika alikaa kizingitini, akashindwa kufungua kamba za viatu. Nikapiga magoti nikamfungulia. Akasema bila kunitazama:

"Nilitaka kumwacha, Fausta. Nikasema, alale huko ajifunze. Hata nilipokuwa nageuza gari, bado nilitaka kumwacha."

Miaka yote nilidhani kwake wema ni kama kupumua.

Jumapili, 11 Mei

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nachora kichwani.

Kumbe nimekuwa nikimchora Kilele akiwa ameshaamua. Sikuwahi kumchora kabla hajaamua. Maporomoko hayamwezi, hilo msomaji analijua, ndiyo maana anapiga miayo. Swali si kama ataweza. Mtu mwenye nguvu zote nani atamlazimisha? Akitaka kuondoka, anaondoka, hakuna wa kumshika joho. Kila siku anaweza kutuacha. Kila siku anageuka. Sasa huyo ndiye nataka kumtazama.

Sina haja ya kumwangusha. Nimepumua.

Jumatatu, 12 Mei

Mlevi wa kwenye karatasi nimemtia motoni, kachemsha chai.

Nimechora upya mpaka shingo ikakaza. Chini, kwenye tope, yule jirani anayemdhihaki Kilele tangu toleo la kwanza. Juu, ukurasa mzima bila neno hata moja: Kilele ametupa kisogo, ngumi imekunjwa. Anataka kwenda. Ukifunua, amegeuka.

Na mengine mazuri. Godi kaenda mwenyewe getini kueleza kuwa kosa ni lake. Paskali amepewa onyo, basi. Keshokutwa anashuka tena kreta. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, ingawa hawa wawili bado sijui niwaiteje.

Jumatano, 14 Mei

Bi. Rehema kapiga simu asubuhi. Anasema alipofika kwenye ukurasa ule usio na maneno, aliogopa kuufunua. Alijua Kilele atageuka, siku zote hugeuka, na bado aliogopa. Hadithi inaendelea. Hakuongeza sifa, sikumwomba.

Jua limetoka. Faru wa kwenye kava hatimaye amekauka.

Paskali amerudi mapema, barabara imeanza kushika. Akakaa kizingitini akafungua viatu mwenyewe, polepole. Nikakaa pembeni yake. Nikamuuliza leo ametaka kumwacha nani.

Akaviweka viatu kando.

"Wawili," akasema, akauliza kama kuna chai.