Chumba cha Aliyeondoka Bila Kuaga

Jumatatu, 4 Machi

Basi imeshaamuliwa. Baba anarudi.

Kaka kapiga simu asubuhi, sijamaliza hata kusali. Humu nitamwita Mwenyekiti, maana hajawahi kukaa kwenye jambo asiliongoze. Yule mwanamke aliyemfanya baba atuache kamchoka. Mguu umepooza, kavuliwa heshima, katolewa nje na begi lake. "Damu nzito kuliko maji, mdogo wangu. Mzee ni mzee." Nikamuuliza, na kwako hakuna chumba hata kimoja? Eti kwake ngazi nyingi. Ngazi! Ghorofa nzima wanakaa yeye na mkewe tu, leo ngazi zimekuwa nyingi.

Kwa hiyo aje hapa. Chumba cha nyuma. Kwenye nyumba ambayo mama aliachiwa na baba yake mzazi, na huyu bwana hakuipigia hata msumari. Alipoondoka hakuaga mtu, na ada yangu iliondoka naye. Kidato cha pili nikaishia hapo.

Mama nilimkuta anachambua mchele. Nikamwambia. Akasema, "Haya." Akaendelea kuchambua. Maskini mama yangu, kumeza ndiyo kazi yake.

Jumatano, 6 Machi

Nimekifungua. Ee Mungu! Mlango wa uani umevimba, nimeusukuma kwa bega mpaka bega likalia. Ndani: mfuko wa saruji uliogeuka jiwe, baiskeli isiyo na magurudumu, viti vya miguu mitatu, na godoro ambalo panya wamelifanya wodi ya wazazi. Ukuta wa upande wa bafu umelowa, ukigusa plasta inakuja na kiganja. Mlango wa pili, ule wa kuingilia chumbani kwa mama, umeegemezwa kabati tangu siku zile baba alipoondoka. Hakuna aliyewahi kulisogeza.

Nikawaza: kinamfaa hivi hivi kilivyo. Nikatubu. Nikatoa viti nje. Nikawaza tena.

Ijumaa, 8 Machi

Mwenyekiti kaleta fundi wake. Kila unachomuuliza: "Usijali, mama." Basi ndilo jina lake, Usijali. Kaupigapiga ule ukuta uliolowa kama mtu anayenunua mbuzi. Nikamuuliza maji yanatoka wapi? "Usijali, mama, tukipiga rangi ya mafuta hayataonekana."

Hayataonekana! Sikuuliza kama yataonekana, nimeuliza yanatoka wapi. Nikamsimamia akabandua plasta yote mpaka kwenye tofali. Bomba la bafuni, limepasuka. "Nilijua," anasema, huku ameruka nyuma na suruali imelowa hadi magotini. Alijua!

Jumapili, 10 Machi

Kanisani. Mchungaji kahubiri mwana mpotevu. Mahubiri mazuri, watu wamelia. Mimi nikakaa nikijiuliza: ya mwana nimeyasikia tangu utoto, ya baba mpotevu yatahubiriwa lini? Na yeye achinjiwe ndama? Ng'ombe wenyewe aliwauza.

Mungu nisamehe. Lakini wakati wa maombi ndipo nimepata wazo, nalo limenipa utulivu mkubwa. Ule mlango wa kwa mama uzibwe. Kwa tofali, si kwa kabati. Baba aingilie uani kama mpangaji, apewe chakula, apewe dawa, amri ya kumheshimu baba nimeitimiza. Na mama alale upande wake kwa amani, asisikie hata akikohoa. Sitamuuliza. Ya nini kumtonesha kidonda?

Jumanne, 12 Machi

Bomba limezibwa na plasta mpya imekauka vizuri, nakiri. Mwenyekiti kapiga simu: rangi iwe ya krimu. Hajashika hata ufagio lakini krimu anaitaka. Jumamosi atamleta baba mwenyewe, na simu ya kupigia picha, bila shaka, awaonyeshe watu alivyo mtoto mwema.

Mama kaja kuangalia, mara ya kwanza. Kasimama katikati ya chumba na fimbo yake. Anamwambia fundi: "Kitanda kisikae upande wa bafu. Hapendi sauti ya maji akilala."

Mtu ambaye asubuhi kasaka miwani ikiwa usoni! Na hiyo anaikumbuka. Ndivyo alivyo mama, angemtandikia hata nyoka aliyemuuma.

Alhamisi, 14 Machi

Usijali hajatokea. Simu inaita tu. Rangi nimepaka mwenyewe, mgongo haunyooki. Krimu!

Jumamosi, 16 Machi

Naandika nikiwa bafuni, nimejifungia.

Usijali alifika asubuhi na mapema, kama malaika. Mama alikuwa kwenye maombi ya akina mama. Tukasogeza kabati, tukang'oa mlango, nikamwonyesha: anzia chini, panda. Akajikuna kichwa kwa mwiko. "Bibi amekubali?" Nikamwambia, usijali.

Akapandisha. Ukuta ulikuwa umefika kifuani, nami nachota mchanga, mara nikasikia fimbo. Mama kawahi kurudi. Kasimama chumbani kwake, tunaonana juu ya tofali.

Nikamwambia kwa furaha kabisa: mama, sasa utalala. Hatakusumbua.

Akaupima ukuta kwa macho, chini hadi juu. Kisha: "Ukiziba hapa, mimi usiku nitapita wapi?"

Upite uende wapi, mama?

Akaniangalia kama mtoto aliyeuliza jua linalala wapi. "Mtu mguu hauna nguvu. Akitaka maji, nizunguke uani gizani na fimbo?"

Nikasema mimi nitampa maji. Nikasema mama, mtu huyu alikuacha! Nikasema mengi, na fundi anasikia. Mama akaweka fimbo kitandani.

"Aliniacha mimi," anasema. "Wewe nani kakutuma unifungie?"

Akanyoosha mikono, akalivuta tofali la juu. Saruji mbichi, likatoka. Akanipa mkononi. "Shika." Nikashika! Mtoto wa kidato cha pili yule yule. Usijali akasema, "Bibi, utaumia," mama akamwambia akae pembeni, hili si lake.

Nikaliweka chini nikaja huku.

Nayasikia matofali kupitia ukutani. Linatua moja. Kimya. Linatua jingine. Mtu wa zaidi ya miaka sabini, anabomoa ukuta, kwa sababu ya nani? Kwa sababu ya yule! Nalia kwa hasira, Mungu anaona ni hasira.

Gari limefika. Mwenyekiti anapiga honi kama harusi. Anaita waje watu wa kumshusha mzee. Usijali ametoka mbio, namsikia: "Usijali, bosi, tunakuja."

Mama hamwiti fundi. Ananiita mimi, kwa jina langu la utotoni. Anasema matofali ya chini yameanza kushika, na mikono yake haiyawezi.