Aliyekwangua Fomu kwa Wembe

Kambi Muru, Kibera
4 Mei 1995

Mwanangu Nelima,

Habari ya chuo cha uuguzi, na ya miguu yako inayofura ukisimama wodini? Mimi mzima, ila mgongo. Kule mjengoni Gatina tunapandisha zege ghorofa ya tatu kwa karai.

Fomu ya kuchagua kazi ilifika. Nimetia sahihi pa mzazi. Chaguo la kwanza ulikuwa umeandika wagonjwa wa akili, nikajua ni uchovu, umekosea. Nimekwangua kwa wembe nikaandika thieta, kule kwa upasuaji. Wenzangu wa mjengo nilishawaambia ndiko utakakofanya kazi. Phanuel, tunayebeba naye zege, ananiita Baba Thieta na kunipisha kivulini.

Baba yako,
Wabwire

Chuoni
19 Mei 1995

Baba,

Mgongo umepata nafuu? Miguu yangu bado inafura.

Sikukosea. Darasa zima wanataka thieta, uzazi, au ng'ambo. Wa akili nimechagua peke yangu; wenzangu wananiuliza nani ameniroga.

Mkuu wa chuo ameona pale palipokwanguliwa. Anasema nimeghushi. Maelezo ya mzazi yasipofika kabla ya tarehe kumi na tano Juni, sifanyi mtihani wa mwisho.

Baba, nilikuwa na miaka saba nikimpelekea Baba Mdogo Wanzala uji kule stoo. Nilimlisha kwa kijiko kwa sababu mikono yake ilikuwa imefungwa.

Binti yako,
Nelima

Chuoni
3 Juni 1995

Baba,

Natumaini u mzima. Sijapata jibu.

Binti yako

Kambi Muru
8 Juni 1995

Nelima, mama,

Pole kwa kungoja. Mimi nipo, nimechoka tu. Barua yako nimetembea nayo mfukoni hadi imeshika simenti.

Ile kamba niliinunua mimi. Nilimfunga ndugu yangu, kisha nikaja Nairobi kutafuta kazi, na sijamwona tena. Nilipoona neno akili kwenye fomu, mkono wenyewe ulienda kwenye wembe.

Phanuel nimemwambia ukweli. Nilidhani atacheka. Aliweka karai chini, akasema, "Dada yangu yuko hivyo nyumbani. Msichana wako anamaliza lini?"

Barua ya kumpa mkuu wa chuo imo humu. Nimeiandika mwenyewe ili alinganishe mwandiko na lile neno thieta.

Nyanya yako bado anamfunga Wanzala jinsi nilivyomwonyesha. Agosti nitaomba ruhusa twende wote nyumbani. Ukitangulia kufika, fundo langu hukaza likivutwa. Lisukume kwanza, ndipo litafunguka.

Baba yako