Nguzo Mbili za Upande wa Jikoni

Papa Riziki,

Usishangae kuona mukono wangu kwenye karatasi. Primaire ya tatu haijanitoka yote. Naandika ndani ya kaye ya mujukuu wetu Zaina, ile daftari ya hesabu yenye mistari ya kukatana, aliyoiacha juu ya kabati. Maandishi yangu yanapanda na kushuka. Ungekuwa hapa ungeleta lile bomba lako la kifundi lenye maji upime kama mustari umelala sawa.

Nianze na kukugombeza, maana umezoea. Umekufa vibaya. Umeniacha katika nyumba ya vyumba vinne pamoja na kiti chako kinachoniangalia. Tangu siku ya arobaini, watu walipokula na kurudisha sahani, ni mimi na mulio wa tole za paa jua likizipasha. Mutoto wetu Riziki anapiga simu toka Kindu, anauliza, "Mama, umekula?" halafu network inakatika kabla sijamujibu. Majirani wa parsele, kile kiwanja cha kushoto, wamehama, mulango wao wameufunga na waya. Napika bugali ya mutu mumoja, lakini mukono wangu haujui kupika kidogo. Inabaki kila siku. Asubuhi naila baridi, na samaki sambaza za jana, nimesimama. Kukaa mezani peke yangu sitaki.

Zaina hayuko. Ndiyo sababu naandika.

Wewe ndiye ulimuharibu huyu mutoto. Wajukuu wa wengine wanapelekwa sokoni, wewe wako ulimupeleka shantie, mahali pa kujenga. Alikuwa na miaka mitano tu, tayari anashika kamba yako ya kupimia na kuwagombeza wasaidizi: "Muzee amesema hapana hivyo!" Ulicheka mpaka ukakaa juu ya mawe. Leo yuko mwaka wa mwisho iniversite, anasomea kusimamia kazi za kujenga. Si kujenga, kusimamia. Nilimuambia, "Miaka yote hiyo kwa kujifunza kusimama na kofia ya plastiki na kuonyesha kidole? Mimi hiyo naijua bila diplome." Akanijibu, "Koko, basi wewe ungekuwa profesa wetu." Unaona ulimi wake. Huo hakuutoa kwako.

Sasa kwa memuari yake, ile kazi kubwa ya mwisho, walimuomba achague nyumba moja, aichunguze toka musingi mpaka juu, aseme kila kazi ilisimamiwa namna gani na nani aliisimamia. Alichagua yetu. Nilijivuna! Nilimuambia hata muuza makaa. Zaina alipima siku mbili. Musingi aliusifu: akasema ulivunja ganda la lava mpaka ukafika kwenye jiwe lenyewe, mahali ambapo wengine wanapanga tu mawe juu juu. Nikasema, "Hiyo uandike mara mbili."

Halafu akachukua nyundo ndogo, akaanza kugonga nguzo. Za upande wa barabara: ngi, ngi. Za upande wa jikoni: du. Du. Kama mutu anapiga gunia. Akarudia. Nami nimesimama pale na sufuria mukononi, na nikajua.

Jioni akanisomea. Nguzo mbili za upande wa jikoni, beto yake, ile zege, ni zaifu, ilitiwa maji mengi. Nyumba inaweza kubaki hivi ilivyo, lakini kubebeshwa etaji, orofa juu yake, hapana, hata siku moja. Vile vyuma ulivyoacha vimechomoza juu ya nguzo kwa ajili ya hiyo etaji, vikatwe na kufunikwa, kutu inashuka ndani. Na chini, kwenye mahali pa kuandika nani alikuwa musimamizi siku ya kumwaga beto, aliweka jina lako. Kosa la fundi.

Nilipandisha sauti mpaka mwenye duka la mbele akatoka. "Muzee aliyekubeba mugongoni, leo unamuvua nguo mbele ya maprofesa! Toka na nyundo yako!" Mutoto alichukua nyundo yake. Alikunja karatasi zake polepole, namna wewe ulivyokuwa ukikunja kamba, akaenda kwa shangazi yake kule Katoyi. Hii ni wiki ya tatu. Hapigi simu. Mimi pia sipigi, unanijua.

Lakini wewe na mimi tunajua kwamba siku ile ya kumwaga beto haukuwako.

Ulikwenda Kalengera kuzika mama ya fundi mwenzako, yule wa kucheka kwa pua. Nguzo za barabarani ulikuwa umezimaliza wewe mwenyewe. Watu walikuwa wamekwisha kuitwa kwa zile zilizobaki. Ukaniambia mulangoni, viatu vikiwa mukononi: "Mama Riziki, leo wewe ndiye musimamizi. Kwa gunia moja la sima ya kujengea, maji ni ndoo hizi mbili tu. Wakilia, waache walie." Nikafunga kikwembe kiunoni, nikajiona minisita.

Jua lilipopanda wakaanza kulia kweli. Mama, beto ni ngumu. Mama, haishuki. Mama, mikono inatuuma. Nikakataa. Halafu mumoja akawaambia wenzake, na alitaka nisikie: "Mumuache, anaogopa bwana yake. Hana ruhusa."

Hana ruhusa! Mimi! Nilishika bidoni ya maji mwenyewe nikamwaga. "Nani alisema sina ruhusa? Haya, munywe!" Beto ikashuka laini kama uji. Wakanipigia makofi, Papa Riziki. Nami nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Siku ya kutoa mbao zilizoshikilia beto uligonga nguzo na mushikio wa mwiko wako. Moja. Ya pili. Ukaweka sikio. Nilikuwa nakutazama toka jikoni. Ukageuka, ukasema, "Umesimamia muzuri, Mama Riziki. Chai iko?"

Ni hayo tu. Maisha yote yaliyobaki, ni hayo tu.

Nami nilifanya nini? Kila mwaka nilikuuliza etaji iko wapi, ukasema mwaka kesho. Nikakuita muvivu. Siku ya Idi, mbele ya kaka zako, sahani ya pilau ikiwa mukononi mwako, nilisema bwana wangu anapandisha nyumba za mutaa wa Mapendo wote, yake imebaki vyuma vya kuanikia nguo. Walicheka. Nawe ulicheka pamoja nao. Kwa nini ulicheka? Ungeniambia siku ile ile, "Mwamini, umeharibu," ningelia siku mbili, tungezibomoa, zingejengwa upya. Uliona kiburi changu ukakifichia aibu. Sasa nimebaki nacho peke yangu, na hakipashi hata chai.

Jumatatu Zaina anasimama mbele ya maprofesa na memuari yake. Mimi nikinyamaza, jina lako litakaa katika maktaba ya iniversite karibu na neno kosa, na ni mutoto uliyemupenda kuliko wote ndiye aliliandika, na hajui.

Basi kesho asubuhi nakwenda Katoyi. Nitapanda pikipiki, mimi niliyeapa sitaipanda. Nitamukaba dereva tumboni na atavumilia. Tangu asubuhi najaribisha maneno hapa mbele ya nguzo zenyewe. Yanatoka kama matusi, sina mengine. Zaina, fungua ile karatasi. Futa jina la babu yako. Andika: Mwamini binti Saidi ndiye alikuwa musimamizi. Aliambiwa ndoo mbili. Akaongeza kwa kutaka sifa.

Jina langu halijaingia kwenye kitabu cha mutu yeyote. Nilifikiri siku likiingia nitapika, nitaita watu. Haya, liingie hivyo. Lakini aliandike muzuri, na herufi kubwa, asije akanikosea.

Akikubali kurudi nyumbani, bugali itatosha, ulishasikia. Akikataa nitarudi peke yangu, na sitapiga kelele. Nakuahidi. Vyuma nitaita mutu avikate wiki ijayo. Nguo nitaanika ukutani kama wanawake wengine.

Lala sasa, muzee wangu. Kazi ya siku ile nimeichukua, si yako tena. Na Jumatatu wakimuuliza Zaina nani alimufundisha kugonga nguzo na kuweka sikio, hapo ndipo ataje jina lako. Nitakuwa nimekaa nyuma. Nitasikia.

Bibi yako,
Mwamini