Jina la Babu Minani

Buffalo, Jumanne 10 Machi 2015

Mjukuu wa Brian. Kumbe ndiyo maana ya O'Brien! Mzee ninayemwogesha kila asubuhi kule Amherst anabeba jina la babu aliyeishi Ireland karibu miaka elfu iliyopita. "Njaa ilituleta huku Marekani," aliniambia, "lakini babu tulikuja naye." Nikachukua taulo, nikaendelea kumfuta mgongo.

Sisi Warundi kila mtoto hupewa jina lake. Langu si la baba, wala la baba si la babu. Na mtoto wetu wa kwanza atazaliwa wiki hii. Hospitali wanataka jina la ukoo kwenye fomu.

Jioni nikamwambia mke wangu tumpe la babu yangu, Minani. Alicheka mpaka akashika tumbo.

"We mwanaume! Minani ni jina la mtoto wa nane. Kanisani watauliza wale saba nimewaficha wapi!"

"Waambie wako njiani."

Akanitupia mto. Kisha akauliza, "Babu mwenyewe alikuwaje?"

Sijui. Alizikwa Burundi kabla sijazaliwa. Ninalo jina tu. Lakini mzee naye, anajua nini cha Brian zaidi ya jina? Na limetosha miaka yote hiyo.

Fomu ameileta mke wangu mwenyewe, pamoja na kalamu. Nimeandika kwa herufi kubwa: MINANI.